Gari la Mkunga Linatetemeka

Mara ya kwanza Mama Mkunga alipolileta gari lake gereji, Fundi Taratibu aliliendesha kilomita kumi na mbili, akarudi, akazima injini, kisha akakaa nyuma ya usukani dakika nzima bila kushuka. Alikuwa anatafuta la kusema. Gari halikuwa na kitu.

"Umeusikia?" Mama Mkunga alimuuliza kupitia dirishani.

"Sijausikia, Mama."

"Mtetemo. Unaanzia chini huku, kwenye kiti, halafu unapanda mgongoni mpaka kwenye meno. Mara upo, mara haupo."

"Nimekwenda nalo pole, nimekwenda nalo kasi. Limetulia kama maji ya mtungini."

Mama Mkunga alimtazama vile anavyomtazama mwanamke anayesema hana uchungu huku jasho linamtoka. Hakubishana naye. Alipokea ufunguo, akapanda, akaondoka zake, na gari likatoka getini bila hata kukohoa.

Fundi Taratibu hakupewa jina hilo kwa kumsifu. Kazi ambayo wenzake waliimaliza kabla ya chai, yeye alikuwa bado anafuta vumbi kwenye boliti. Lakini gari likitoka mikononi mwake lilikuwa halirudi. Hilo watu walilijua, naye alilijua, na ndiyo maana gari la Mama Mkunga lilipomrudia wiki iliyofuata alihisi kama mtu aliyeitwa mwizi sokoni.

Lilikuwa gari refu la zamani, la gia za mkono, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kirungu cha gia kilikuwa kimelika mpaka namba zake zimefutika. Kwa miaka kumi na tisa Mama Mkunga alikuwa amebebea humo wanawake wenye uchungu, wakati mwingine mpaka zahanati, wakati mwingine mpaka nusu ya njia tu, maana wapo watoto wasiosubiri. Nusu ya mtaa ilipokelewa na mikono yake. Hata pacha wa fundi mwenyewe walipokelewa naye. Wa pili alitanguliza miguu, na bila mwanamke huyu fundi angekuwa na kaburi la kupalilia.

Basi alilishika gari lile kwa adabu zote. Alianza na magurudumu, akayafanyia balansi moja baada ya jingine. Lilipotoka Mama Mkunga alishukuru. Siku ya tano akapiga simu: limetetemeka tena. Fundi akabadilisha mipira inayoishika injini na giaboksi, maana ilikuwa imepasuka pasuka. Zikapita siku nane kimya, fundi akaanza kupumua. Siku ya tisa Mama Mkunga akasimama getini, mkoba begani, akasema, "Mwanangu, bado."

Mara ya tatu alilipandisha kwenye jeki, akaingia chini na tochi. Alikamata propela, lile bomba refu la chuma linalopita chini ya gari kupeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi mpaka magurudumu ya nyuma. Akaizungusha huku, akaizungusha huku. Akashika krosi, lile fundo la chuma linaloiruhusu propela kupinda, akaitingisha kwa nguvu zake zote. Haikucheza hata unywele. Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa akisema, kinachocheza kibovu, kisichocheza kizima, na kwa miaka ishirini na mbili neno hilo halikuwahi kumwangusha. Akatoka chini ya gari na vumbi kwenye nyusi, akili yake ikiwa nyeupe kama karatasi.

"Umeona nini?" akauliza Tani, mnyoosha bodi wa gereji hiyo, mtu wa mwili, ambaye jina lake lilieleza kila kitu.

"Sijaona kitu."

"Basi hamna kitu. Labda ana jini."

"Gari?"

"Sijui. Gari, au yeye mwenyewe."

Tani alicheka, akarudi kwenye nyundo yake. Fundi hakucheka.

Siku mbili baadaye, saa ya chakula cha mchana, mtoto wa Mama Mkunga alifika gereji. Alikuwa karani wa ofisi fulani ya bima, mtu wa viatu vinavyong'aa, akipita kati ya madoa ya oili kama anayevuka mto kwa mawe. Alimsalimia fundi vizuri, akakataa kiti.

"Kaka, nieleze kweli. Gari la mama lina ubovu, au halina?"

"Sijauona."

"Mara tatu umelishika?"

"Mara tatu."

"Basi niandikie hivyo. Kwamba umelikagua, ni zima." Akashusha sauti. "Usinifikirie vibaya. Mama ana miaka sitini na nane. Mikono yake inatetemeka. Hujaiona? Akishika kikombe, chai inajaa kwenye kisahani. Tukimwambia, anasema ni uchovu. Sasa anasema ni gari. Mimi na dada zangu tumekaa tukaona ufunguo utoke mikononi mwake kabla hajaua mtu. Lakini yeye hatusikii. Karatasi ya fundi ataisikia, maana wewe anakuamini."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ni kweli alikuwa ameiona. Siku ile Mama Mkunga alipopokea ufunguo, ulilia kama kengele ndogo vidoleni mwake. Aliona, akapeleka macho pembeni, kwa sababu kuna vitu vya mzazi ambavyo mtu havitazami mara mbili.

"Siwezi kuandika," akasema.

"Kwa nini? Si umesema ni zima?"

"Nimesema sijauona ubovu. Hayo ni mambo mawili."

Karani alimkodolea macho. "Mambo mawili vipi?"

Fundi mwenyewe hakujua. Alijua tu kwamba kalamu ingemwia nzito kuliko jeki.

Jioni hiyo alikula bila kujua anachokula. Mkewe, Mama Pacha, alimwacha kwanza, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Baba Pacha, unatafuna au unafikiri? Chagua moja."

Akamweleza yote, la gari na la mikono. Mama Pacha alisikiliza, akamkata jicho.

"Mikono iliyomgeuza mwanangu tumboni ndiyo leo mnaiandikia barua?"

"Sijaandika."

"Vizuri. Na abiria wake je? Hao anaowabeba hawausikii huo mtetemo?"

"Sijawauliza."

Mama Pacha alianza kucheka, akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Ungewauliza nini! Siku ile ya pacha, gari lingekuwa linapaa angani nisingejua. Mwenye uchungu umuulize habari za gari kutetemeka, si atakutia kofi? Nilikuwa nimebanwa katikati, mama huku, shangazi yako kule, na lile beseni miguuni..."

Fundi aliacha kutafuna. "Mlikuwa wangapi kule nyuma?"

"Watatu. Si ndivyo wanavyokwenda wote? Nani anakwenda kuzaa peke yake?"

Fundi akakumbuka kwamba yeye aliliendesha peke yake. Mama Mkunga mwenyewe, kila alipolileta gereji, alikuja peke yake. Lakini hakushangilia. Mzigo mwingi nyuma ulikuwa unaweza kumaanisha mambo saba, na pia ulikuwa unaweza kumaanisha kwamba mama huyu, akiwa na maisha ya watu wawili nyuma yake, mikono yake inazidi kutetemeka. Alilala na yote mawili.

Asubuhi alikwenda nyumbani kwa Mama Mkunga kabla ya kwenda kazini. "Mama, ukiitwa leo, nipitie. Nataka kukaa kando yako."

"Kwenye kuzalisha?"

"Kwenye gari tu!"

Mama Mkunga alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze.

Aliitwa saa nne. Fundi alijikuta kiti cha mbele, mikono mapajani kama mgeni, na nyuma yake binti mmoja mwenye tumbo lililofika kileleni, amebanwa kati ya mama yake na dada wa mama yake, wote wawili wanawake wenye afya zao. Buti lilikuwa na sanduku la vifaa, beseni na mabegi mawili. Nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini kama kuku anayeatamia.

"Mama Mkunga," binti alisema kati ya maumivu mawili, "huyu mwanamume ni wa nini humu?"

"Ni wa gari. Pumua."

Walifika kwenye taa nyekundu, gari likasimama. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, hakuna kinachotikisika. Fundi akatazama mkono wa Mama Mkunga uliokuwa juu ya kirungu cha gia. Ulikuwa unatetemeka. Mtetemo mdogo, wa haraka, kama bawa la nzi. Gari limetulia, mkono hautulii. Kumbe karani hakukosea. Kumbe angeandika tu ile karatasi.

Taa ikageuka kijani. Wakatoka mjini, barabara ikafunguka, Mama Mkunga akapanga gia moja moja bila kukwaruza. Mwendo wa sitini. Sitini na tano. Ndipo kiti kikaanza kumkuna fundi mgongoni. Kioo cha katikati kikatia ukungu wa mtikisiko. Meno yake yakagongana.

"Huo!" akapiga kelele. "Mama, ndio huo?"

"Ndio huo."

"Kanyaga klachi! Kanyaga, uiache hapo!"

Mama Mkunga akakanyaga. Injini ikashuka sauti, gari likawa linateleza kwa nguvu yake lenyewe, lakini mtetemo ukabaki pale pale.

"Achia. Weka gia ya tatu, mwendo uwe huo huo."

Injini ikapanda sauti kwa kulalamika. Mtetemo haukubadilika.

"Tena klachi!"

"Nyie wawili!" mama wa binti akafoka kutoka nyuma. "Mwanangu anajifungua, nyie mnachezea gari?"

"Hatuchezi, dada," fundi alisema, asijue aombe radhi au ashangilie. "Gari linaumwa. Kweli linaumwa."

"Na mimi je?" binti akalia.

Walifika. Binti alipokelewa mlangoni, Mama Mkunga akaingia naye bila kutazama nyuma, na fundi akaachiwa ufunguo. Alirudi njia ile ile, peke yake, mwendo ule ule wa sitini na tano, gia ile ile. Kimya. Kiti hakikumkuna hata kidogo. Alisimama kando ya barabara akashika kichwa. Alijua sasa ubovu hauko kwenye injini wala klachi, maana injini ilipoachwa ishuke mtetemo ulibaki. Ulikuwa nyuma ya giaboksi, na uliamshwa na mzigo. Lakini nyuma ya giaboksi yote aliishika kwa mikono yake, na hakuna kilichocheza. Na ule mkono kwenye taa nyekundu? Ule haukuwa na mzigo wala mwendo.

Alipofika gereji, hakuingia tena chini na tochi. Aliifungua propela yote, akaitoa, akailaza juu ya meza kama mgonjwa. Tani akaja na nyundo yake kuangalia.

Fundi akashika krosi ya nyuma, akaipinda upande mmoja. Ikaenda laini. Akaipinda upande wa pili. Ikagoma. Akaongeza nguvu, ikaachia kwa ghafla, tak, kisha ikagoma tena. Akairudia mara tano asiamini. Alipoking'oa kikombe chake, badala ya grisi ilimwagika kutu nyekundu kama unga wa matofali. Vile visindano vyembamba vya ndani, vinavyopaswa kuviringika, vilikuwa vimeshikana na chuma kuwa kitu kimoja.

"Si ulisema haichezi?" Tani akauliza.

"Haichezi, ndiyo. Na ilitakiwa ipinde."

Akaketi juu ya tairi kuukuu. Wiki tatu alikuwa anatafuta kilicholegea, na kilichokuwa kimeharibika ni kilichokaza. Gari likiwa tupu, propela hukaa karibu na mstari ulionyooka, krosi haina kazi kubwa ya kupinda. Nyuma ikikandamizwa na watu watatu na beseni, pembe inabadilika, krosi inatakiwa ipinde kila mzunguko, nayo imekufa ganzi. Ndipo inalipiga gari zima. Ilikuwa rahisi hivyo. Alijisikia mjinga, na chini ya ujinga huo alijisikia furaha, na chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukigusa.

Aliweka krosi mpya, akapakia wanaume watatu kiti cha nyuma, Tani katikati, akawapeleka mpaka nje ya mji na kuwarudisha. Tani alilala usingizi njiani.

Mama Mkunga alikuja kesho yake kwa miguu. Binti alikuwa amejifungua salama, mtoto wa kike, sauti kama king'ora. Fundi alimwekea ile krosi ya zamani kiganjani, akamwonyesha inavyogoma. Yeye akaipinda mwenyewe, huku na huku, akasikia ile tak.

"Kwa hiyo lilikuwa gari," alisema.

"Lilikuwa gari, Mama."

"Utamwambia mwanangu?"

"Nimeshampigia simu. Nimemwambia lilikuwa bovu, na wewe ulikuwa na haki."

Mama Mkunga alitikisa kichwa polepole. Hakuonekana mwenye ushindi. Kile chuma kilikuwa kinagonga pete yake, ti-ti-ti-ti, na wote wawili walikuwa wanakisikia.

"Na mkono huu?" akauliza.

Fundi alitazama sakafu. Alitazama spana zilizopangwa ukutani kuanzia kubwa mpaka ndogo. "Mimi ni fundi wa magari, Mama."

"Usinikimbie. Mficha uchi hazai. Habari mbaya nimewapa watu miaka arobaini kwa mdomo huu huu, leo na mimi nipewe yangu. Kwenye taa jana ulikuwa unaniangalia."

"Ulikuwa unatetemeka," akasema fundi. "Gari limesimama."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mkono nilikuwa naujua tangu mwaka jana. Gari ndilo sikuwa na hakika nalo." Alikaa kwenye tairi lile kuukuu bila kupangusa vumbi. "Utafanyaje, baba, vitu viwili vikitetemeka kwa pamoja? Nilikuwa nikiusikia mtetemo najiuliza, hili ni gari, au ni mimi? Usiku nasema ni mimi. Asubuhi nasema ni gari. Wanangu wakaniambia ni mimi, na nilipoambiwa hivyo nikashikilia ni gari. Kama wangeniambia ni gari, labda ningewaambia ni mimi."

Fundi hakuelewa vizuri. Alimwambia hivyo.

"Hata mimi sielewi," Mama Mkunga alisema. "Lakini afadhali kimoja umenitolea."

Fundi alimpa ufunguo, akafikiri atauchukua. Mama Mkunga aliutazama, akauacha mkononi mwa fundi.

"Liache hapa mpaka Alhamisi. Mwanangu atakuja kulichukua."

"Atakunyang'anya, Mama! Na mimi nimeshamwambia gari ndilo lililokuwa na makosa!"

"Hatanyang'anya. Nimemwita mimi."

Fundi alibaki na ufunguo kiganjani, amechanganyikiwa kuliko siku ya kwanza. Ameshinda kwa niaba yake, na mshindi anaondoka bila kombe.

Alhamisi karani alifika na mama yake. Safari hii alikanyaga oili bila kuangalia. Alimvuta fundi pembeni.

"Kaka, sielewi. Nimekuja kumwomba radhi, yeye ananiambia nimpeleke hospitali akaonwe mkono. Mwaka mzima namsihi, hasikii. Leo nimesema nimekosea, ndipo anakubali. Wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia lilikuwa gari."

"Basi?"

"Na kwamba mkono unatetemeka."

Karani alimtazama mama yake aliyekwisha kaa kiti cha abiria, mkoba mapajani, anamngoja. Akapanda. Ikadhihirika mara moja kwamba karani alikuwa amezoea magari yanayojipangia gia yenyewe. Gari liliruka, likazima. Likaruka tena, likazima.

"Klachi, mwanangu," walimsikia Mama Mkunga akisema. "Taratibu. Iachie kama unayemlaza mtoto."

Gari likatoka getini kwa kushtukashtuka, Tani akashika mbavu kwa kucheka. Fundi aliwatazama mpaka wakakunja kona. Hakujua daktari angesema nini, wala kama Mama Mkunga angeushika tena usukani, wala kama alikuwa amemfanyia jema au baya. Gari lingine lilikuwa linamngoja kwenye jeki. Mwenye gari hilo alikuwa ameandika kwenye karatasi kwamba linatoa mlio, lakini si kila siku.

Fundi Taratibu akaisoma karatasi ile mara mbili. Kisha akaenda kumpigia simu mwenye gari, kumuuliza huwa anapanda na nani.